Kuchagua kioo cha pikipiki kisichokutikisa kichwa: mwongozo kwa mwendeshaji wa Mombasa

Waendeshaji wengi wanaotoka Mombasa kwa safari za mbali, iwe ni Malindi, Lunga Lunga au Voi, huanza kutafuta kioo cha kukinga upepo baada ya kurudi nyumbani siku moja shingo imekaza na masikio yanavuma. Huingia duka la spea, hutazama vioo vilivyotundikwa ukutani, na huchagua kirefu kuliko vyote kwa hoja inayoonekana haina kasoro, kwamba kioo kikubwa hukinga upepo mwingi. Nami nilifanya hivyohivyo. Nilifunga kioo kilichofika karibu na usawa wa macho yangu, nikaelekea Malindi, na kabla sijafika Vipingo kichwa kilikuwa kinatikiswa kiasi cha kunifanya nishindwe kusoma vibao vya barabarani, ingawa kifua kilikuwa kimetulia kana kwamba nimekaa barazani. Fundi aliyekitazama kesho yake hakuhitaji maelezo marefu. "Shekhe," aliniambia, "kioo hiki hakikukingi, chakupiga."

Alikuwa amesema kweli, na mwongozo huu umejengwa juu ya kauli yake. Kinachomchosha mwendeshaji si upepo wenyewe, bali ni upepo uliovurugwa, na mara nyingi kinachouvuruga ni kioo kilichonunuliwa ili kumkinga. Kwa hiyo kazi ya kuchagua kioo huanza kwenye mwili wa mwendeshaji na barabara anayopita, na dukani mtu hufika mwishoni.

Hatua ya kwanza: tambua kinachokupiga

Upepo ambao haujaguswa na kitu chochote husukuma kwa nguvu moja mfululizo, nao mwili huuzoea, kwa kuwa mtu hujiegemeza mbele kidogo na safari ikaendelea. Mambo hubadilika mkondo huo unapokutana na kioo. Hewa hubanwa mbele ya kioo, kisha huruka juu ya ukingo wake, na nyuma ya kioo hubaki nafasi yenye kanieneo ndogo, yaani msukumo mdogo wa hewa. Hewa ya juu huporomoka ili kuijaza nafasi hiyo, na hewa ya chini, ile inayopita kandokando ya uma wa gurudumu la mbele na chini ya tangi, hupanda kwa haraka kutafuta pahali hapohapo. Zinapokutana huzaa visulisuli vidogo vinavyofuatana bila kukoma, na kichwa chako kikiwa katika njia yao, kila kimoja hukipiga kofi lake. Aliyewahi kusimama ufukoni akayatazama maji yanayopwa yakipita kwenye nguzo za Daraja la Nyali amekwisha kuliona jambo hili kwa macho. Upande wa mbele wa nguzo maji hutelemka kwa utulivu, na upande wa nyuma huzunguka na kujikunjakunja hadi umbali fulani, kisha hutulia tena.

Jiulize basi ni nini hasa kinachokukera. Ikiwa ni kusukumwa kifua na mikono kuchoka kwa kung'ang'ania usukani, unahitaji kioo, na hata kifupi kitakufaa. Ikiwa ni kichwa kutikisika huku na huku na macho kupoteza shabaha, kioo ulicho nacho kina kimo kisichokufaa, au pikipiki yako haina kioo lakini taa na dashibodi yake inarusha hewa iliyovurugika usoni mwako. Ikiwa ni kelele peke yake, pengine kioo hakihusiki kabisa. Kelele ya upepo ndani ya helmeti kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa hupita desibeli 90, kiasi kinachoweza kudhuru masikio kwa safari za mara kwa mara, na dawa yake ya kwanza ni vizibo vya masikio, ambavyo bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya kioo chochote.

Kabla ya kuendelea, fanya pia hesabu ya upepo wa msimu, kwa sababu sisi watu wa pwani tunaishi chini ya pepo mbili ambazo hazifanani. Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi yake, kwa hiyo mwendo ukitoka kilomita 40 kufikia 80 kwa saa, msukumo unaoupata si mara mbili bali ni mara nne. Sasa chukua mwendeshaji anayekwenda Malindi mwezi wa Januari kwa kilomita 80 kwa saa, huku Kaskazi ikivuma kwa kilomita 25 na kumjia usoni, ile ambayo mabaharia huiita upepo wa omo. Mwili wake unakutana na hewa ya kilomita 105, na msukumo unazidi kwa kiasi cha asilimia 70 ule ambao angeupata siku ya shwari. Arudipo jioni upepo uleule unamsukuma kutoka tezi, na kioo kilichomtesa asubuhi kitaonekana hakina tatizo lolote. Wakati wa Kusi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, anayekwenda Lunga Lunga ndiye anayepigwa kutoka mbele, tena kwa mshazari kutoka upande wa bahari. Ukijaribu kioo kwenye njia moja na kwa upande mmoja tu wa safari, utakuwa umeupima msimu, na kioo utakuwa hujakipima.

Hatua ya pili: ondoa visingizio vingine

Mara nyingi kioo hulaumiwa kwa makosa ya vitu vingine. Anza na helmeti. Ikiwa unaweza kuizungusha kwa mkono huku mashavu yako yakibaki yalipo, ni kubwa kwako, na hakuna kioo duniani kitakachoizuia kutikisika. Helmeti zenye kipeo kirefu mbele, ule ukingo unaochomoza juu ya paji la uso, zilizoigwa kwa zile za mashindano ya vumbini, hunasa hewa inayopanda kutoka kwenye kioo na kuinua kichwa kana kwamba kuna mtu anakivuta kwa nyuma. Kifungue kipeo, uende safari moja bila ya kukirudisha. Azima helmeti ya rafiki yenye umbo tofauti, halafu upite barabara ileile, kwani nimewaona watu wawili waliomaliza tatizo lao hapo na wakabaki na fedha zao mfukoni.

Tazama pia unachovaa. Reflekta iliyolegea hupigapiga mgongoni na mabegani mfano wa tanga lililokosa upepo, na mwenye kuivaa hudhani anatikiswa na hewa ya mbele. Koti lisilofungwa shingoni hufanya vivyo hivyo.

Kuna kisha suala la mwavuli, ambao umekuwa kama sehemu ya bodaboda za Mombasa, pamoja na karatasi ngumu ya plastiki inayoshuka mbele yake. Kwa mwendo wa mjini, kati ya Mwembe Tayari na Kongowea, una manufaa yake ya kivuli na mvua, na sina ugomvi nao. Kwa barabara kuu ni tanga lisilo na nahodha. Hewa inayopanda kutoka kwenye kioo hukosa pa kutokea, hujikusanya chini ya mwavuli na kurudi kichwani kwa mwendeshaji, na upepo wa ubavuni unapoukamata, pikipiki nzima huhama njia. Anayetaka kutatua mtikisiko huku mwavuli ukiwa juu anajisumbua bure, kwa hiyo na aushushe kwanza.

Hatua ya tatu: endesha bila kioo

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kubwa zaidi. Fungua kioo ulicho nacho, weka boliti zake katika mfuko ili zisipotee, kisha chagua kipande cha barabara kilichonyooka na chenye magari machache. Baina ya Mtwapa na Kilifi kuna sehemu zinazofaa, na saa nzuri ni asubuhi mapema kabla ya upepo wa baharini kupata nguvu, kwani mchana hutaweza kutofautisha hewa iliyovurugwa na kioo na ile inayovurugwa na miti, nyumba na matatu zinazokupita. Endesha kwa mwendo uliozoea kwenda nao safarini, bila kuvuka kiwango kilichowekwa na sheria, kwa dakika 15 angalau.

Sikiliza mwili wako. Ikiwa kichwa kimetulia na kinachokusumbua ni msukumo wa kifuani tu, basi umejua kwamba mtikisiko wote ulikuwa unazalishwa na kioo, na kwamba unachohitaji ni kioo kifupi kitakachokinga kifua na kukiacha kichwa katika hewa safi. Ikiwa kichwa kinatikisika hata bila kioo, chanzo ni helmeti, au hewa inayopanda kutoka chini, au umbo la taa ya mbele. Wapo watakaogundua katika jaribio hili kwamba hawahitaji kioo hata kidogo, na hao wataishia hapa. Katika jiji ambalo joto la Machi hufika nyuzi 32 au 33, kuendesha ukiwa na hewa ya kutosha kifuani si jambo la kudharauliwa, kwani kioo kipana kinachokufariji kwenye barabara ya Malindi kitakuoka kama mkate wa mofa siku utakapokwama katika foleni ya Changamwe saa saba mchana.

Hatua ya nne: tafuta mkondo ulipo

Rudisha kioo, na kwenye barabara ileile fanya jaribio la kimo. Ukiwa katika mwendo wa safari, na hakuna gari karibu yako, jiinue kutoka kwenye kiti kwa sentimita chache, ukisimama juu ya vikanyagio kwa miguu yote miwili bila kuachia usukani. Kisha keti, na uiname polepole mpaka kidevu kikaribie tangi, macho yakiwa barabarani muda wote. Mahali fulani kati ya mikao hiyo kelele itapungua ghafla na kichwa kitatulia. Kumbuka mahali hapo.

Ukitulia ulipojiinua, maana yake ni kwamba kichwa kimetoka juu ya visulisuli na kuingia katika hewa safi, na kioo chako ni kirefu mno kwako kwa kiasi hichohicho cha sentimita ulizojiinua. Ukitulia ulipoinama, kioo ni kifupi mno, au kimelala nyuma mno kiasi kwamba mkondo wake unapita chini ya mahali kilipo kichwa chako. Hapo ndipo siri ya kioo cha kati ilipo, kile ambacho madukani husifiwa kuwa kinamfaa kila mtu. Hicho ndicho hupeleka visulisuli moja kwa moja kwenye helmeti ya mtu wa kimo cha kawaida, ilhali kifupi chake au kirefu chake kingemnusuru.

Jaribu pia kusogea mbele, kifua kikaribie tangi, bila kubadili kimo cha kichwa. Ikiwa mtikisiko unapungua, tatizo ni umbali kati yako na kioo. Visulisuli hutanuka kadiri vinavyokwenda nyuma, kwa hiyo kioo kilicho karibu hutengeneza kivuli kidogo kilichotulia, na kilicho mbali hutengeneza kivuli kikubwa chenye vurugu. Watu warefu wanaokaa nyuma ya kiti huteseka zaidi kwa sababu hii, na wao husaidiwa na kukisogeza kioo kuwaelekea kuliko kukirefusha.

Hatua ya tano: pima kimo

Pikipiki isimame wima juu ya ardhi tambarare, wewe uketi juu yake kwa mkao wa safari, ukiwa umevaa helmeti, na mwenzako ashike futikamba. Ikiwa kwa kawaida unabeba abiria au mizigo, basi abiria aketi na mizigo ifungwe, kwa sababu uzito wa nyuma huishusha pikipiki upande huo, hukilaza kioo na kubadili njia ya hewa. Mwenzako apime kutoka mahali boliti za kioo zinapofungwa hadi usawa wa macho yako, halafu hadi pua, halafu hadi kidevu, kwa kufuata mwelekeo wa kioo chenyewe. Andika namba zote tatu.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba ukingo wa juu wa kioo usipite kamwe usawa wa pua. Unapaswa kuiona barabara kwa juu ya kioo, na kioo kibaki chini ya mstari wa macho, na sababu yake utaielewa usiku wa kwanza wa masika. Matone ya mvua juu ya plastiki, mikwaruzo iliyokusanyika kwa miezi, na taa kamili za lori linalotoka Mazeras, vikikutana vyote kwa pamoja, hukifanya kioo kuwa ukuta mweupe. Helmeti ina kioo chake kinachoweza kufunuliwa au kufutwa kwa glavu, lakini kioo cha pikipiki hakina faraja hiyo.

Anayetaka kinga kamili achague kimo kati ya mdomo na pua, kwa kuwa mkondo huruka juu ya ukingo na kupanda tena sentimita kadhaa, ukapita juu ya helmeti. Anayetaka hewa safi kichwani achague kioo kinachoishia chini ya mabega, ili mkondo umfikie kifuani juu na usiguse helmeti. Sehemu ya katikati, kati ya mabega na kidevu, iogopwe mpaka jaribio lithibitishe vinginevyo.

Hatua ya sita: kata kadibodi kabla ya kutoa fedha

Hapa ndipo unapoweza kujiepusha na hasara. Tafuta kipande cha kadibodi ngumu, au bora zaidi cha yale mabango ya plastiki yenye mifereji ndani ambayo hubaki yamening'inia kwenye nguzo baada ya kampeni za uchaguzi, kwani hayo hayalegei kwa unyevu. Kata umbo linaloongeza sentimita 5 juu ya kioo chako, ulibandike kwa utepe mpana wa gundi pande zote mbili, na uhakikishe kwamba halizuii macho yako wala halifiki kwenye usukani linapogeuzwa. Ijaribu kwa mwendo wa kilomita 50 au 60 kwa saa na si zaidi, kwa kuwa utepe si boliti. Tofauti huonekana hata kwa mwendo huo. Punguza sentimita moja moja kwa mkasi na urudie. Vijana wa maskani watakucheka, nawe waache wacheke.

Kipimo cha kioo kifupi ni rahisi zaidi ikiwa boliti za kioo chako zina nafasi ya kukishusha. Ikiwa hazina, tegemea yale uliyoyapata ulipojiinua juu ya vikanyagio.

Katika hatua hiihii jaribu mwanya wa chini. Weka vipande vya raba au washa nene nyuma ya boliti za chini ili kioo kisogee mbele na pawe na nafasi ya sentimita 2 hadi 4 kati yake na taa au dashibodi. Hewa kidogo inayoingia kupitia mwanya huo hujaza ile nafasi yenye kanieneo ndogo niliyoieleza hapo awali, na visulisuli hupungua kwa kukosa cha kujaza. Ni jambo linalokwenda kinyume na fikra za mtu, kwamba upepo ulioruhusiwa kupita humtuliza kuliko upepo uliozibwa wote, lakini kati ya marekebisho yote niliyoyafanya, hili ndilo lililonigharimu kidogo na kunifaa sana.

Hatua ya saba: chagua umbo, kisha plastiki

Sasa unaweza kwenda dukani ukiwa na namba zako mkononi. Kwa pikipiki kubwa, kampuni kama Givi ya Italia, Puig ya Hispania na MRA ya Ujerumani hutengeneza vioo kwa aina nyingi za pikipiki, na pia vibawa vidogo vinavyobanwa kwenye ukingo wa kioo cha zamani. Kibawa hicho huacha mwanya kati yake na kioo, hewa hupita humo na kuulainisha mkondo, na kwa kuwa pembe yake hubadilishwa kwa mkono, humfaa sana mtu ambaye kioo chake kimepungua kwa sentimita chache tu. Kwa Boxer, TVS na wenzao wa kazi, vioo vingi ni vya kufunga kwenye usukani au taa, bila ya kuchaguliwa kwa vipimo, na hapo ndipo ufundi wako wa kukata na kusogeza utakapohitajika zaidi.

Usitazame kimo pekee. Kioo kilichosimama wima huurusha mkondo juu zaidi kuliko kilicholala, hata kama ncha zao zinafika usawa mmoja, lakini pia husukumwa na upepo kwa nguvu zaidi na kula mafuta. Ukingo wa juu uliokunjwa mbele kidogo, mfano wa mdomo wa jagi, huupandisha mkondo, na hivyo hukuwezesha kutumia kioo kifupi zaidi. Upana nao una hesabu yake, kwani kioo chembamba hupitisha hewa kandokando na kukupiga mabegani, na kipana mno hukamata upepo wa ubavu. Kioo kilichopindika kwa mviringo ni kigumu kuliko cha bapa chenye unene uleule, na kioo cha bapa kinachotetema kwa mwendo kitakuzalishia mtikisiko wake chenyewe.

Kuhusu plastiki, utakutana na aina mbili. Akriliki, ambayo mafundi wa mabango huiita perspeksi, ni angavu, hustahimili jua kwa miaka na haikwaruziki upesi, ila ikipigwa na jiwe hupasuka, na vipande vyake vina ncha kali. Polikaboneti hustahimili kipigo kwa kiasi kikubwa zaidi, hujikunja kabla ya kuvunjika, lakini hukwaruzika kwa urahisi na huwa manjano juani ikiwa haikupakwa tabaka la kinga. Kwa anayepita nyuma ya malori ya kokoto na changarawe kwenye barabara ya Nairobi, nachagua polikaboneti iliyopakwa kinga bila kusita. Kwa anayezunguka Nyali na Bamburi, akriliki ya unene wa milimita 4 inatosha, na fundi wa mabango anaweza kuikata na kuipinda kwa moto kwa kipimo cha kadibodi yako. Msisitize alainishe kingo zote kwa msasa, kwa sababu ufa huanzia kwenye ukingo uliokwaruzwa.

Usinunue kioo cheusi. Kinapendeza kikiwa kimeegeshwa, lakini kinaficha mashimo ya barabara yaliyo karibu na gurudumu.

Hatua ya nane: funga kwa subira

Tundu za boliti zitobolewe kwa drili ya mwendo wa taratibu, utepe ukiwa umebandikwa juu ya plastiki, na ziwe pana kidogo kuliko boliti, kwa kuwa plastiki hutanuka na kusinyaa kwa joto na isipopewa nafasi itapasuka. Kila boliti iwe na washa ya raba pande zote mbili, na ikazwe kwa mkono kisha kwa spana nusu mzunguko tu. Fundi anayekaza kioo kama anavyokaza nati ya gurudumu azuiwe mapema. Gundi ya maji ya kuzuia boliti zisilegee isikaribie polikaboneti, kwani huipasua, na badala yake tumia nati zenye mpira ndani. Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana chumvi ya hewa ya hapa hula boliti za kawaida katika misimu miwili, na siku unapotaka kushusha kioo kwa sentimita mbili unalazimika kuzikata kwa msumeno.

Kioo kinachofungwa kwenye usukani kinahitaji uangalifu wa ziada. Upepo wote unaokipiga unapelekwa moja kwa moja kwenye usukani, na kikiwa kikubwa kinaweza kuufanya ucheze kwa mwendo mkubwa. Ikiwa pikipiki yako ina mahali pa kufungia kioo kwenye fremu, pachague hapo. Baada ya kufunga, geuza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, ukitazama kwamba kebo ya mafuta, mpira wa breki na nyaya za taa havibanwi wala kuvutwa. Washa injini na urudie kugeuza, na ikiwa mlio wake unapanda, kebo inavutwa na safari isianze.

Hatua ya tisa: jaribu, andika, na tunza

Safari ya kwanza iwe fupi na ya mwendo mdogo. Ya pili iwe kwenye kipande kilekile ulichojaribia bila kioo, ili ulinganishe vitu vinavyolingana. Badilisha jambo moja tu kila mara, ama kimo, ama pembe, ama mwanya, na uandike ulichokipata, kwa kuwa kumbukumbu ya shingo hudanganya baada ya siku mbili. Kisha kipeleke kioo mahali penye upepo wa ubavu. Daraja la Kilifi, ambalo tangu mwaka 1991 limewapumzisha wasafiri na kivuko, linapita juu ya hori pasipo mti wala ukuta wa kukusitiri, na mchana wa Kusi litakuonyesha kwa sekunde chache kama kioo chako ni kipana mno. Shika usukani bila kuukaba, punguza mwendo kabla ya kuingia darajani, na uutazame usukani. Ukivutwa kando kwa nguvu kuliko ulivyozoea bila kioo, punguza upana. Jaribio la mwisho ni lori linalokuja upande wa pili, ambalo husukuma wimbi la hewa mbele yake na kuacha vurugu nyuma. Sogea kushoto mwa njia yako mapema, na utambue kwamba pigo hilo hakuna kioo kinachoweza kuliondoa.

Kwa usafi, maji mengi kwanza ili mchanga na chumvi vitoke, kisha sabuni ya kuoshea vyombo na kitambaa laini cha pamba. Kijana wa kuosha pikipiki akishika chupa ya petroli, mnyang'anye, kwa sababu petroli hufifisha plastiki na kuitia nyufa nyembamba zisizoonekana mpaka siku inapopasuka, na dawa za kusafishia vioo vya nyumba zenye amonia hufanya madhara hayohayo. Mafuta ya breki nayo yakidondokea polikaboneti yaoshwe papo hapo. Unapoegesha asubuhi au jioni jua likiwa chini, usiiache pikipiki ikiwa imelipa jua mgongo, kwani baadhi ya vioo vilivyopindika hukusanya miale na kuyeyusha plastiki ya dashibodi. Na kila mara unaporudi kutoka safari ya mbali, kabla hujavua glavu, kishike kioo kwa vidole viwili kwenye ukingo wa juu na ukitikise kidogo. Kikilia, kuna boliti iliyolegea, nayo ikazwe jioni hiyohiyo.